Ya Kupikia, ya Kuogea: Kiingereza cha Mashamba ya Kidichi

Kungumanga ikiiva hupasuka yenyewe mtini. Mtembeza wageni wa Kidichi huokota moja, akaitia kisu kidogo, akaifungua kiganjani polepole kama anayefungua kasha la pete. Nje ganda la manjano hafifu, ndani kokwa nyeusi inayong'aa, na juu ya kokwa wavu mwekundu wa basibasi. Simu zote hutoka mifukoni. Mtembezaji hukohoa kidogo, kisha huanza: "This red one is for to cook. And the ladies, they take it before to go to the wedding."

Wageni wameelewa, wamecheka, wamepiga picha. Kazi imefanyika. Lakini mwalimu wa Kiingereza angekuwapo chini ya mkungumanga ule angesimamisha msafara. Baada ya "for" na baada ya "before" Kiingereza hakitaki "to cook" wala "to go". Kinataka "cooking" na "going". Kihusishi cha Kiingereza kikiongozana na kitenzi, kitenzi hicho sharti kivae -ing, na ni wachache mno kati ya waliozaliwa na lugha hiyo wanaoweza kueleza kwa nini.

Mtu wa Dole au Bububu hana haja ya kueleza lolote. Yeye husema kiungo cha kupikia, kabla ya kwenda harusini, bila ya kuuliza, kwa kutumia kamba, na kote humo kihusishi kimefuatwa na ku-. Skuli aliandikiwa ubaoni kwamba kwenda ni "to go" na kula ni "to eat". Sasa "kabla ya kwenda" iwe nini kama si "before to go"? Hesabu yake imekaa sawasawa. Kilichomponza ni kwamba Kiingereza kiliigawa kazi ya ku- mafungu mawili zamani sana, na mpaka wa mgawo huo ukapita nyuma tu ya vihusishi.

Kidichi ni mahali pazuri pa kuitazama habari hii, kwa sababu kilima kile kimesikia lugha nyingi kuliko ukubwa wake.

Kipo kaskazini mwa Mji Mkongwe, ukipanda kutoka pwani ya Bububu kuingia nchi ya minazi na mikarafuu. Seyyid Said bin Sultan alipouhamishia utawala wake Unguja kutoka Maskati, katika karne ya 19, ardhi hii ya ndani ilijazwa mikarafuu, na nguvu iliyoipanda na kuichuma ilikuwa ya watumwa. Jengo linaloleta magari ya watalii hadi leo ni hamamu aliyojengewa mke wake wa Kiajemi, binti wa Irich Mirza na mjukuu wa Shah Fath Ali. Ilikamilika mwaka 1850. Kuta zake zina nakshi za chokaa zenye maua, mitende na tausi, kazi ya mafundi wa Kiajemi, na watembezaji hawakosi kuonyesha kwamba ndege si pambo la kawaida katika jengo la Waislamu. Inasimuliwa kwamba bwana na bibi wakipumzika hapo baada ya kuwinda na baada ya kukagua mashamba. Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said aliyechapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886, anamkumbuka mama huyo wa Kiajemi kuwa mpenda farasi na mawindo, tofauti kabisa na wanawake wengine wa nyumba ile.

Baada ya kuwinda. Neno "baada" ni la Kiarabu, kama "kabla", "bila" na "badala". Kiajemi nacho kiliyachukua mawili ya mwanzo, na Mwajemi anayetaka kusema "kabla ya kula" husema "qabl az khordan", ambapo "khordan" ni kula kule kule kunakoandikwa katika kamusi, kitenzi kinachotumika kama jina. Bibi wa hamamu na kijakazi aliyemchotea maji walitengana kwa cheo, kwa nasaba na kwa uhuru, lakini katika jambo hili sarufi zao zilikanyaga jiwe moja. Kiarabu cha bwana nacho hakikuwa mbali: baada ya "qabla" huja masdari, yaani jina la kitendo. Kwa hiyo katika Kidichi ya 1850 ungeweza kupita lugha tatu bila ya kukutana na taabu inayomsubiri muongoza watalii wa leo.

Mwaka huohuo wa 1850, mbali kabisa na harufu ya karafuu, mjini Tübingen huko Ujerumani, kilichapishwa kijitabu cha misingi ya Kiswahili kwa Kiingereza. Mwandishi wake alikuwa Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Unguja Januari 1844 kabla ya kwenda kukaa Mombasa. Ndipo Kiingereza na Kiswahili vilipoanza kupimwa bega kwa bega kwenye karatasi, na pale kwenye "kabla ya ku-" bega moja likaonekana limezidi.

Aliyelipima jambo hili Unguja yenyewe ni Edward Steere. Alishuka mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya UMCA. Mwaka uliofuata alikwisha kuchapisha hapo hapo kisiwani makusanyo yake ya mwanzo ya sarufi, na mwaka 1870 kikatoka London kitabu chake kikubwa cha mwongozo wa Kiswahili kama kinavyosemwa Unguja. Steere alizigawa nomino za Kiswahili katika makundi manane. La saba lilikuwa na neno moja tu, mahali. La nane halikuwa na neno lolote la kawaida ndani yake: aliliwekea vitenzi vyote vyenye ku-, kwa sababu aliona Waunguja wanavitumia kama majina, vinachukua vivumishi vyake na vimilikishi vyake. Kufa kwake. Kuimba kwao. Kuja kwenu kumetufurahisha. Kwa Mwingereza wa karne ile lilikuwa jambo la kustaajabisha kidogo, maana "to die" ya kwao haimilikiwi na mtu. Hakuna "his to die". Ukitaka kukimilikisha kifo kwa kitenzi, lazima uende kwenye -ing: "his dying". Kundi la nane la Steere, kwa hiyo, lilikuwa limebeba kwa mkono mmoja mizigo ambayo Kiingereza hubeba kwa miwili.

Na mikono hiyo miwili ina historia yake, inayofaa kupitiwa hata na msomaji asiyekuwa na mpango wa kuonana na mtalii.

Kiingereza cha miaka elfu iliyopita kilikuwa na kitenzi kinachoishia kwa -an. Kikitaka kuonyesha lengo la kitendo kiliweka "to" mbele na kubadili mwisho, ikawa kitu kama "to etanne". Hiyo "to" ilikuwa kihusishi halisi cha mwelekeo, ile ile ya kwenda mjini au kwenda kwa mtu. Yaani "to eat" hapo mwanzo ni kuelekea kula. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka ku- nyingine aliyonayo, ile ya huku, kule na kwetu, na atatabasamu kuona inavyofanana na ku- ya kula. Kando ya hapo Kiingereza kilikuwa na majina ya vitendo yenye -ung au -ing, na pia kivumishi cha kitenzi chenye -ende, kinachoonyesha mtu aliye katika kutenda. Kati ya karne ya 12 na ya 14, hasa katika lahaja za kusini mwa Uingereza, -ende iligeuka ikaingia ndani ya -ing. Vitu viwili vikavaa shati moja. Jina la kitendo, ambalo zamani lilikuwa jina tu, likaanza kufanya vituko vya kitenzi: kuchukua yambwa, kuchukua vielezi, kukubali kuongozwa na kila kihusishi.

Lakini haikuwa siku moja. Kwa karne kadhaa Waingereza wenyewe walisema "for to" pamoja na kitenzi, bila ya aibu yoyote. Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alilitumia. Tafsiri ya Biblia iliyoamriwa na Mfalme James, ya mwaka 1611, inalo mara kadhaa. Biblia hiyo ndiyo iliyokuwa ya kawaida kwa Waanglikana wa karne ya 19, na Steere, aliyefanywa askofu mwaka 1874, ndiye aliyejenga kanisa kuu la Mkunazini pale palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Vijana waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa na kusomeshwa na misheni huko Kiungani, baadhi yao wakipanga herufi za chuma katika kiwanda cha chapa cha misheni, hawakuwa mbali na sauti hiyo. Aliyesimama chini ya mkungumanga akasema "for to cook" amefuata mantiki ya kwao, lakini bila ya kujua ameokota pia sarafu ya Kiingereza iliyodondoka njiani.

Baada ya "for to" kuzama ikabaki -ing peke yake nyuma ya vihusishi, na wataalamu wakaanza kuigombania. Robert Lowth, aliyekuja kuwa Askofu wa London (maaskofu wana mkono mrefu katika sarufi), alitoa mwaka 1762 kitabu kidogo cha Kiingereza kilichosomwa kwa miaka mingi. Alitaka mtu achague: ama aitendee -ing kama jina kamili, iwe na "the" mbele na "of" nyuma, ama aitendee kama kitenzi na aiache ishike yambwa yake bila ya msaada. Kuchanganya hakukumpendeza. Mambo haya yanaonekana ya kuchosha hadi mtu ayasogeze kwenye karafuu. "The gathering of cloves" ni uchumaji wa karafuu. "Gathering cloves" ni kuchuma karafuu. Kiswahili kina njia mbili zile zile, na hakuna mchumaji hata mmoja aliyewahi kusema "uchumaji karafuu wa" wala "kuchuma wa karafuu". Lowth angempa heshima yake.

Ugomvi wa pili uko karibu zaidi na jamvi. Karafuu zikishachumwa huchambuliwa, makonyo yakawekwa upande wake, kisha huanikwa juani kwa siku kadhaa mpaka ziwe na rangi ya hudhurungi na zivunjike kwa mlio. Adui ni mvua. Wingu likionekana upande wa Masingini sauti hupita nyumba hadi nyumba: watu waanue kabla ya mvua kunyesha. Kuanua ni neno zuri, halina mwenzake wa neno moja katika Kiingereza. Lakini litazamwe lile lililofuata. Kabla ya mvua kunyesha; au mtu akipenda, kabla ya kunyesha kwa mvua. Ya kwanza inaitaja mvua kama mtendaji, ya pili inaimilikisha mvua kunyesha kwake. Kiswahili kinazo zote mbili, ya kwanza mdomoni kila siku, ya pili ikiwa na harufu kidogo ya karatasi, wala hakuna aliyepigana.

Waingereza walipigana. Henry Fowler na ndugu yake Francis walitoa mwaka 1906 kitabu cha Kiingereza sanifu ambamo walilishambulia umbo la kwanza na kulipa jina la kulidharau, wakitaka daima mtendaji awekewe alama ya umilikishi: si "me going" bali "my going". Mdenmark Otto Jespersen alibishana na Henry Fowler katika miaka ya 1920 akionyesha kwamba waandishi wakubwa wa Kiingereza walikuwa wakilitumia umbo hilo zamani. Hadi leo gazeti moja huandika hivi na jingine vile. Mwanamke aliyepiga kelele za kuanua karafuu angewashangaa wote watatu, maana mvua ingekwisha kuwanyeshea.

Kisiwa kilikuwa himaya ya Uingereza tangu mwaka 1890, na Kiingereza kikawa lugha ya ofisi, mahakama ya juu na biashara za mbali. Mashambani hakikufika sana. Idara ya elimu ya serikali ilianza katika muongo wa kwanza wa karne ya 20, na skuli zake nyingi zilikuwa mjini. Lililowahusu watu wa Kidichi zaidi ni jambo la upande mwingine: mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya nchi nne za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Tangu hapo "kabla ya kula" ya Unguja ikawa ya vitabu vya Kenya, Uganda na Tanganyika.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalibadili mwenye shamba. Mashamba makubwa yalitaifishwa, na familia nyingi zikagaiwa eka tatu tatu. Hadi leo mtu wa huku atasema "eka yangu" au "eka tatu za marehemu baba". Karafuu ikawa ya kuuziwa shirika la biashara la serikali, ZSTC, lililoanzishwa mwaka 1968. Ilikwenda vizuri, kisha miaka ya 1980 bei ikaanguka vibaya, kwa sababu Indonesia, mnunuzi mkubwa aliyekuwa akizitia karafuu kwenye sigara zake za kretek, ilikwisha kupanda mikarafuu yake ya kumtosha. Mwenye eka tatu akabaki na miti mirefu isiyolipa. Wakati huohuo, kuanzia mwaka 1984 chini ya Ali Hassan Mwinyi, Zanzibar ilianza kulegeza biashara, na wageni wenye mabegi mgongoni wakaanza kuonekana mjini, katika mitaa ya Malindi na Shangani.

Ndipo kazi mpya ilipozaliwa, na malighafi yake ilikuwa miti ile ile. Mtu hakuhitaji gunia la karafuu. Alihitaji mkarafuu mmoja, mdalasini mmoja, mpilipili manga unaopanda mwembe, kichaka cha hiliki, mlavani, mlangilangi, mche wa manjano wa kung'oa, mzingefuri wa kupaka midomo ya mgeni asiyetegemea. Alihitaji pia maneno. Safari za kwenda kuona viungo zikawa biashara ya kudumu, Kidichi na Kizimbani zikiwa katikati yake. Mji Mkongwe ulipoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, msururu wa magari ya kupanda kilima ulikwisha kuwa jambo la kila asubuhi.

Kiingereza cha kazi hiyo kilitoka sehemu mbili. Kulikuwa na cha darasani. Kulikuwa na kile cha papasi, vijana wa mjini waliopewa jina la kupe kwa namna wanavyomng'ang'ania mgeni tangu bandarini, nao walijifunza kwa sikio, neno kwa neno, kutoka kwa yeyote aliyekubali kusimama. Sikio lina faida yake. Aliyesikia "thank you for coming" mara mia hataweza tena kusema "thank you for to come". Imekwisha kuganda, kama "ahsante kwa kuja". Ubao huleta uhakika, lakini huleta pia ile orodha ya kwenda ni "to go".

Sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliamua hesabu na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina mafunzo ya utalii. Wageni nao huja kujifunza kwa upande wao: TAKILUKI, taasisi iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, imewafundisha wageni Kiswahili kwa vizazi, na huko mambo hugeuka. Mwingereza anayejifunza Kiswahili hupewa zawadi. "Before eating", "to eat" na "eating is good" zote anapewa kwa neno moja, kula. Hulalamika kuhusu ngeli, hulalamika kuhusu "na-" na "me-", lakini kuhusu hili hajawahi kulalamika mtu.

Anayesoma Kitaliano Kidichi naye hupata nafuu. Wataliano ni wengi katika hoteli za kaskazini na mashariki, na vijana wa Nungwi hadi Kiwengwa huzungumza lugha yao kwa ujasiri wa ajabu. "Kabla ya kula" kwa Kitaliano ni "prima di mangiare", na "mangiare" ni kula ya kamusi, haikubadilika chochote. Mfaransa husema "avant de manger", Mhispania "antes de comer". Kati ya lugha zinazopanda kilima hiki na kamera, Kiingereza ndicho chenye tabia ya peke yake, na ndicho kilichokuwa kipimo cha nani amesoma.

Lakini kuna mahali Kiswahili chenyewe kina ufundi ambao Kiingereza hakina, na unaonekana vizuri zaidi jikoni kuliko shambani. Baada ya kuzunguka miti, wageni hukaribishwa kibandani kula pilau, na mara nyingi huonyeshwa jinsi nazi inavyokunwa. Mtembezaji hukaa juu ya kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno na kusema kwamba hicho ni "goat". Wageni hutazamana. Mbuzi ya kukunia nazi imewaacha watu wengi midomo wazi. Kisha huja kifumbu cha kuchujia tui, kata ya kunywea maji, mwiko wa kusongea ugali.

Kukunia, kuchujia, kunywea, kusongea. Ile -ia na -ea ya mwishoni ndiyo kihusishi chenyewe, kimeingizwa tumboni mwa kitenzi. Waingereza walioandika sarufi za Kiswahili waliliona hilo, na kadhaa wao wakaiita kauli ya kutendea umbo la kihusishi, kwa sababu kila walipoitafsiri walilazimika kuchomoa kihusishi kutoka ndani na kukiweka peke yake. Maji ya kuogea ni "water for bathing". Kisu cha kukatia ni "a knife for cutting". Kuna tofauti kati ya maji ya kunywa, ambayo ndiyo yanayonywewa, na kata ya kunywea, ambayo hainywewi, na ni tofauti ambayo Kiingereza huipitia kwa mbio. Hapa pia pana njia ya mkato ambayo mwalimu wa watembezaji angeweza kuitumia tangu wiki ya kwanza: penye -ia ya chombo, Kiingereza kina "for" na -ing. Aliyeshika hilo moja hatakosea mbele ya mbuzi, kifumbu wala kata. "Kabla ya" na "baada ya" zitafuata nyuma.

Mitego iliyobaki ni midogo ila ina meno. Mgeni akiambiwa "stop to smell" anaambiwa asimame anuse. Akiambiwa "stop smelling" anaambiwa aache kunusa. Aliyekwisha kukanywa mara nyingi kuhusu "to" huiogopa hata mahali panapostahili, akawakataza wateja wake mdalasini waliokuja kuulipia. Mwisho wa barua pepe ya kupanga safari pana "looking forward to seeing you", ambapo "to" si ile ya kitenzi bali ni ile kongwe ya mwelekeo, ile ya miaka elfu, iliyokaa pembeni ikimngoja mtu aandike "to see".

Si kwamba lugha hizi mbili hazikutani. Kiswahili kina "kuhusu", ambayo kwa umbo ni kitenzi chenye ku- na kwa kazi ni kihusishi kamili. Kina "kutoka", "kuanzia", "kulingana na". Kiingereza kina "concerning", "regarding", "starting from", na "during", iliyotoka katika kitenzi cha zamani cha maana ya kudumu. Pande zote mbili vitenzi vilichoka kutenda, vikakaa mbele ya majina na kuwa vihusishi. "Kuhusu karafuu", "concerning cloves": ku- huku, -ing kule, kazi moja. Hapa ubao wa darasani ungeweza kuchora mstari ulionyooka, lakini neno "concerning" si la watu wanaokula mafenesi chini ya mti, na mtembezaji mwenye busara husema "about".

Kipindi cha mwisho cha ziara ni cha mkwezi. Hutia miguu yake katika kitanzi cha kamba, hushika mnazi, na kabla ya mgeni wa mwisho kupata nafasi nzuri ya kupiga picha amekwisha kufika kileleni. Huimba huko juu, huning'inia kwa mkono mmoja, huangusha madafu. Akishuka hupita na kofia za makuti alizozisuka, na daima yupo mgeni anayemuuliza kama haogopi kuanguka: "Aren't you afraid of falling?"

Swali lina kihusishi na -ing, yote mawili, na Kiswahili kisingehitaji hata kimoja: huogopi kuanguka? Jibu alilofundishwa ni "I am used to climbing", nimezoea kukwea. Akiondoa "am" akasahau -ing, ikawa "I used to climb", atakuwa amesema kwamba zamani alikuwa akikwea na siku hizi ameacha, huku jasho halijamkauka mgongoni. Wengi wao wamepata dawa. Humvika mgeni kofia, hutabasamu, na kukata sentensi katikati. "I am used," husema, na kuelekea mnazi mwingine, kundi la pili limekwisha kushuka garini.